Harusi tunaweza, msiba tunaweza. Ndugu anayeumwa kila wiki tunamfanyaje?

#1 Mleta mada

Habari za usiku wanajamvi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kaka yangu mkubwa ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana mwezi wa tatu figo zake zote mbili zilifeli. Presha alikuwa nayo miaka mingi, dawa anameza wiki hii, wiki ijayo akijisikia vizuri anaacha. Tangu hapo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila anapokaa kwenye mashine. Nyumbani tunaziita siku za mashine. Hata mwanawe wa miaka sita ukimuuliza leo siku gani, anakwambia "leo ya mashine" au "leo ya kupumzika."

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa mpaka tukaazima viti kwa jirani. Grupu la ukoo liliundwa siku hiyo hiyo, mweka hazina akachaguliwa, pesa zikaingia mfululizo na kila mtu anaweka na ya kutolea. Nilijivunia ukoo wangu. Mwezi wa pili wakawa wanakuja wawili watatu. Mwezi wa nne grupu lilikuwa limebaki la salamu za asubuhi na picha za maua.

Sisemi watu wana roho mbaya, hapana. Nimewaza sana na naona hivi: sisi tumefundishwa kubeba mzigo mzito mara moja, halafu kuutua. Harusi ina tarehe yake. Msiba una matanga, una arobaini, kisha watu wanatawanyika kwa amani. Huu mzigo hautuliki. Ijumaa ikiisha Jumatatu ipo palepale, na hakuna kamati inayovunjwa kwa sherehe.

Kuna siku nataka niisimulie. Jumapili moja mwezi wa sita mama mdogo alikuja kutoka Bagamoyo na gari la asubuhi, ana madafu sita kwenye kiroba. Kapita miaka sitini, na kiroba kakibeba mwenyewe kutoka kituoni. Alikumbuka kaka alipokuwa mdogo, akishikwa na homa alikuwa anapewa dafu anaamka. Akakaa kwenye mkeka, akaomba panga, akalikata la kwanza kwa mkono wake na kumnyooshea. Kaka akalipokea kwa mikono miwili.

Huyu ni mtu ambaye maji yake ya kutwa yanapimwa. Shemeji anampimia kwa kikombe cha kahawa, na kila kikombe anakiwekea alama kwenye kalenda ya ukutani. Leo kashika dafu zima mkononi, baridi, limejaa hadi mdomoni.

Shemeji akalitoa mikononi mwake taratibu. "Mama, hili hawezi."

Kimya. Mama mdogo akajifunga kanga yake upya, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu ananyimwa hata maji."

Shemeji akaondoka. Nilimkuta jikoni anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Kwa wasiojua: dafu lina potasiamu nyingi, ni aina ya madini. Figo nzima inaitoa kwenye mkojo. Figo iliyofeli haiitoi, inajaa kwenye damu, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Ndizi, chungwa, parachichi, viazi, nyanya, vyote hivyo tunavyobeba tukienda kumwona mgonjwa, kwa mgonjwa wa figo kila kimoja kina hesabu yake. Mama mdogo hakulijua hilo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mimi nilijua. Ndugu zangu walijua. Tulikaa pale sebuleni tunaangalia, tukamwachia shemeji abebe lawama peke yake. Hilo ndilo lililoniuma, na bado linaniuma.

Nilimtoa mama mdogo nje, nikamweleza. Alilia. Kesho yake akaomba aonyeshwe ile kalenda na jinsi inavyoandikwa, akakaa wiki mbili nzima anapika chakula kisicho na chumvi na kumpumzisha shemeji.

Baada ya hapo tulikaa kikao, ndugu saba na marafiki zake wawili wa tangu chuo cha ualimu. Hatukuuliza nani ana shilingi ngapi. Tuliuliza nani ana siku gani. Binamu mwenye bajaji akachukua Jumatano, kumpeleka na kumrudisha. Dada yetu akachukua Jumatatu. Ijumaa ni yangu, nafanya nusu siku kazini. Rafiki yake mmoja akasema yeye kila Jumamosi atamchukua mtoto hadi jioni. Yule mwingine, mwalimu mwenzake, akasema, "Mimi sina gari wala pesa, nitakuja Jumanne na Alhamisi kucheza naye drafti." Nikawaza, drafti? Ndiye hajakosa hata wiki moja, na siku hizo mbili ndizo kaka anazinyolea ndevu.

Naomba wenye uzoefu mchangie. Ninyi mnaifanyaje safari ndefu kama hii bila watu kuchoka?

#2 Mzee wa Hoja

Pole sana mleta mada, Mungu amponye kaka yako. Ila nitasema lililo kweli kwangu: tusipunguze uzito wa pesa. Upendo bila nauli haumfikishi mtu hospitali. Drafti ni nzuri, lakini mwalimu mgonjwa ana kodi, ana ada, ana dawa ambazo bima haizigusi. Nimeuguza baba miaka mitatu, waliokuja kunishika bega walikuwa wengi, waliouliza "umebakiwa na shilingi ngapi" walikuwa wawili. Hao wawili nikiitwa usiku wa manane naenda bila kuuliza ni nini.

#3 Mleta mada

Mzee nakubaliana na wewe kabisa, wala sikutaka ionekane pesa haina kazi. Kosa letu lilikuwa kuichanga kama ya harusi, kubwa na mara moja. Iliisha na hakuna aliyejua imeishaje.

Sasa tumeigawa. Watu 20 kwenye ukoo, kila mmoja 10,000 kila tarehe 5. Inakuwa 200,000. Bajaji kwenda na kurudi ni 15,000, na siku za mashine kwa mwezi ni 13, jumla 195,000. Binamu wa Jumatano anajazwa mafuta humo humo. Mtu akiiona ile 10,000 anajua imekuwa safari ipi. Tangu ianze miezi minane iliyopita imekwama mara moja tu, mwezi wa kwanza, na hiyo tunaielewa wote, shule zilikuwa zinafunguliwa.

#4 Muuguzi wa Zamu

Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu, sitataja wapi. Uzi huu umenigusa kwa sababu mambo haya tunayaona kila siku pale mlangoni: mwezi wa kwanza mgonjwa anakuja na watu watano, mwaka wa pili anakuja peke yake kakumbatia shuka lake.

Niongeze machache kwa wanaouguza.

Mkono wenye fistula (ule walioufanyia upasuaji kuunganisha mishipa kwa ajili ya mashine) usimpimie presha hapo, usimtoe damu hapo, usimbebeshe ndoo wala mfuko mzito kwa mkono huo. Na usimwache alale ameulalia. Ule mkono ndiyo njia yake ya uhai.

Mgonjwa akionekana mzima Jumatano, usimwambie "leo pumzika, utaenda Ijumaa." Nguvu anayokuonyesha ameipata kwenye mashine ya Jumatatu. Tumewapokea watu waliokosa siku moja tu wakiwa wanahema kama wametoka kukimbia, maji yamejaa hadi kwenye mapafu.

Chupa za dawa za miti shamba. Najua zinaletwa kwa upendo, na anayeleta mara nyingi ni mtu mzima wa heshima, si rahisi kumkatalia. Pokea kwa adabu, shukuru, kisha mwonyeshe daktari kabla haijafika mdomoni. Nyingine zinamaliza hata ule mkojo kidogo uliobaki.

Na viazi. Wengi wanaviloweka usiku kucha wakidhani wamemaliza kazi. Kuloweka peke yake hakutoshi. Menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha tena. Potasiamu inatoka na maji. Na hata hapo ale kwa kiasi alichopangiwa.

#5 Mleta mada

Dada muuguzi ahsante sana. Kwetu tulikuwa tunaloweka tu. Nimemtumia shemeji sasa hivi.

#6 Pwani Kwetu

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi si wa ukoo, yangu ni ya rafiki, naomba niieleze kwa kuwa marafiki wakati mwingine hatujui mipaka yetu ni wapi.

Mwenzetu kwenye chama alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Chama chetu ni cha wanawake kumi na mmoja, twakutana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, nyumba kwa nyumba, na huyu ndiye alikuwa mweka hazina wetu. Alipotoka hospitali akatuma ujumbe kuwa ajiuzulu, tumtafute mwingine, yeye sasa ni wa kukaa kitandani. Baadhi yetu tulitaka kumkubalia, tukidhani twamhurumia. Mmoja wetu akasema la, kitabu kibaki kwake, sisi ndio tuhamie kwake.

Basi miezi yote ile tulikutana kwake. Kila mmoja aja na chungu chake, mwenyeji hapiki. Tulimkuta mara ya kwanza amelala kaangalia ukuta. Tukamwekea kitabu mapajani, tukaanza kuhesabu pesa, na mmoja akakosea kwa makusudi. Huyo akainuka! "Nyinyi mwahesabu vipi?" Akavuta kalamu. Alikuwa hajakaa kwa siku nyingi.

Ni lile tu nilitaka kusema. Msimpokonye mgonjwa kazi yake ambayo bado anaiweza.

#7 Mpita Njia

Samahani kwa swali. Ndugu mko saba, mbona hakuna aliyetoa figo yake moja? Si sasa hivi wanapandikiza hapa hapa nchini?

#8 Mleta mada

Mkuu sijakasirika, nakujibu kwa sababu tumeulizwa sana swali hili, tena mbele za watu, sebuleni, mgonjwa mwenyewe akiwa amekaa hapo anasikiliza.

Ni kweli wanapandikiza. Muhimbili walianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata 2018. Zamani ilikuwa lazima India. Lakini kutoa figo si kama kutoa shati. Unapimwa wewe kwanza kama ni mzima, kundi la damu, presha, sukari, figo zenyewe, moyo. Mimi nilijitokeza wa kwanza. Nikakutwa na presha, 160 kwa 100, na nilikuwa sijui. Nikaambiwa sifai, na nianze dawa. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, kaka akaniita chumbani akaniambia, "Basi angalau wewe umeshtuka mapema. Meza dawa zako." Kila Ijumaa tukiwa njiani ananiuliza kama nimemeza. Kati ya ndugu saba tumejipima wote, watatu tumekutwa na presha.

Wengine wawili kwenye familia wana sababu zao ambazo sitaziandika hapa. Ninachoomba ni hiki: swali hili muulizeni mtu faraghani, au msimuulize. Anayetoa figo anatakiwa kutoa kwa hiari yake, na anaruhusiwa kubadili mawazo hata siku ya mwisho. Ukimbana mdogo wako mbele ya ukumbi, umempa mzigo mbaya yeye, na mgonjwa umemfanya ajione mdaiwa wa watu wote.

#9 Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono #8. Ndugu anayepimwa huwa anaongea na daktari peke yake, na anachosema kule ndani ni siri yake. Na hilo la ndugu wote kupima presha na sukari ningelibandika mlangoni kwetu kama ningeruhusiwa. Hayo mawili ndiyo yanayotuletea wagonjwa wengi zaidi.

#10 Niko Maskati

Mimi ni yule wa mbali ambaye kila familia anaye. Niko Oman mwaka wa kumi na mbili, mama yangu yuko Unguja na anaenda kwenye mashine. Natuma pesa kila mwezi, sijawahi kuchelewesha, na nimewahi kuambiwa na ndugu, "Wewe pesa unatuma, sisi ndio tunaouguza." Neno hilo lilinikaa kifuani mwaka mzima. Nilikuwa nalia chooni kazini.

Baadaye dada yangu akanipa zamu. Alisema, mama anawekwa kwenye mashine saa moja asubuhi, saa ya tatu ndani ya mashine ndiyo ngumu kwake, anachoka, miguu inakaza, anataka kutoka. Saa hiyo kule ni saa nne, huku kwangu ni saa tano, nina mapumziko. Basi napiga simu ya picha. Dada anamwegeshea simu kwenye mto. Siku nyingine hatuongei, namwonyesha dirisha, namwonyesha ninachokula. Namsomea aya chache naye anafuatisha. Muda unapita. Wauguzi wameshanizoea, wananisalimia.

Kwa hiyo ndugu mlioko nyumbani, msituache na kazi ya kutuma pesa tu. Tupeni saa.

#11 Kiti Namba 7

Nimesoma kuanzia juu. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti. Mwaka wa tatu sasa, na ninaandika nikiwa na mkono mmoja, mwingine umefungwa kwenye mashine, kwa hiyo mtanisamehe makosa.

Mleta mada, mwambie kaka yako nampa salamu. Mengi mmeyasema vizuri. Niongeze ya upande wetu.

Siku ya mashine nikirudi nyumbani nataka kulala tu. Mwili unakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Mtu akija siku hiyo lazima niamke nikae, nimtazame, nimjibu, na akiondoka nimeisha. Njoo siku ya katikati, kama yule mwalimu wa drafti. Huyo amejua bila kufundishwa.

Usiongee na mke wangu juu yangu mbele yangu. "Anakula? Analala?" Niulize mimi.

Usiniletee simulizi ya jirani yenu aliyekuwa na ugonjwa kama wangu akafa. Sijui kwa nini watu wanazileta, wanazileta sana.

Niombe msaada. Nilikuwa fundi umeme, siwezi kupanda juu ya dari tena, lakini rafiki yangu mmoja akikwama site ananipigia, ananionyesha waya kwenye simu, namwambia huu peleka hapa, huu kata. Siku akipiga nakula vizuri. Mke wangu kaligundua hilo, siku hizi nikiwa mnyonge anampigia yeye kwa siri, anamwambia, "Shemeji, mtafutie swali."

Na jambo moja la nyumbani kwangu. Fistula ikiwa nzima ina mtetemo, ukiweka kidole unausikia, na ukiweka sikio unasikia mngurumo kama wa friji. Tumefundishwa kuikagua kila siku, ikinyamaza ni hatari, unakimbia hospitali. Binti yangu ana miaka tisa. Kila jioni kabla ya kulala anakuja, anaweka sikio mkononi kwangu, anafumba macho, anasikiliza. Kisha anasema, "Baba, inaongea." Ndipo anakwenda kulala. Sikumtuma, alimwona tu mama yake akifanya siku moja, akaichukua hiyo kazi.

Wamekuja kunipima presha, nitarudi.

#12 Mzee wa Hoja

Kiti Namba 7, nimesoma habari ya binti nikasimama kidogo hapa dukani. Mungu akutunzie. Mleta mada, lile neno langu la pesa silifuti, ila naliongezea: kuna rafiki yangu wa siku nyingi anauguza mke wake, nami kila mwezi natuma, na sijakanyaga kwake tangu mwaka jana. Kesho ni Jumanne. Nitafunga duka saa tisa.

#13 Mleta mada

Ahsanteni wote. Nimemsomea kaka uzi mzima, hadi post ya Kiti Namba 7. Nilipofika pale pa binti alininyooshea mkono, akanishika kidole akakiweka kwenye fistula yake. Mwaka na zaidi, nilikuwa sijawahi kuigusa. Kweli inatetemeka.

Kaniagiza nimjibu Kiti Namba 7: anauliza wewe siku zako ni zipi, na kama unacheza drafti ya kwenye simu.

Shemeji leo kalala saa mbili usiku, mama mdogo yuko tangu jana. Kaja na mchele na sabuni ya unga, na kwenye kalenda ameshaanza kuandika yeye. Mimi niko jikoni. Viazi nimevichemsha mara ya kwanza na maji nimemwaga, sasa viko motoni mara ya pili.